Soli Nyembamba

Mume wangu ni mtu wa viatu. Wanaume wengine wana mpira, wengine wana siasa, wangu ana viatu. Asubuhi kabla ya chai utamkuta kibarazani kwenye kigoda, gazeti la zamani chini, brashi mkononi, anasugua ngozi nyeusi mpaka ujione meno. Amemwendesha mkurugenzi mmoja tangu mkurugenzi huyo akiwa na nywele. Alianza pale ofisini kwa kuosha magari, akapewa gari la kupeleka barua, kisha basi la wafanyakazi, hadi dereva wa bosi alipostaafu na yeye akakabidhiwa funguo. Siku hiyo hiyo alijinunulia viatu vyeusi vya kamba. Anasema aliyekaa kiti cha nyuma haoni uso wa dereva, anaona kisogo, na akifunguliwa mlango anaona viatu. Kwa hiyo kisogo chake hunyolewa kila wiki, na viatu ndio hivyo tena.

Mimi nashona mapazia na sketi za shule nyumbani. Cherehani yangu iko dirishani, na anayeingia getini lazima nimwone, hata kama sitaki. Ndivyo nilivyomwona jioni ile akirudi kutoka dukani na mkate kwapani na ndala mguu mmoja tu. Mguu wa kulia ulikuwa peku.

"Baba, ndala ya pili umemwachia nani?" nikamwuliza.

Akaangalia chini. Nilitegemea acheke, maana yeye ni mtu wa kujicheka. Hakucheka. Aliutazama ule mguu kwa muda, akitembeza macho kutoka kidole hadi kisigino, kisha akasema itakuwa imekatika. Nikatoka kuitafuta. Niliikuta katikati ya njia, mbali kidogo na geti, nzima kabisa, kamba zake zote mahali pake. Alikuwa amekanyaga kokoto na michanga njia yote hiyo bila habari. Niliiokota, nikaipangusa mchanga, nikarudi nayo.

Kuna jambo lazima niliseme hapa. Mama mkwe wangu alikuwa na sukari. Nilimwuguza mimi, nyumbani kwangu. Miguu yake ilikufa ganzi polepole, naye hakutuambia. Siku moja alishinda kutwa na kizibo cha soda ndani ya kiatu, akaenda sokoni, akarudi, akapika, na jioni alipovua ndipo tulipoona. Walianza kwa kukata kidole. Kidole hakikutosha, wakarudi wakakata chini ya goti. Aliishi miaka kadhaa na mguu mmoja, na kila akinunua viatu ilibidi anunue jozi, maana nani atakuuzia kimoja? Tulipofungua kabati lake baada ya mazishi, viatu vyote vya kulia vilikuwa vimechakaa na vyote vya kushoto vilikuwa vipya, bado vina karatasi ndani. Mume wangu aliketi sakafuni amevipakata vile vya kushoto. Nilidhani hatanyanyuka pale.

Na yeye sukari anayo. Aliambiwa, akapewa vidonge, akavimeza vizuri kwa muda. Baadaye siku ya kliniki ikawa inagongana na safari za bosi, na ukitaka kumwona mtu anayefurahia kugongana huko, ni yeye. "Sukari yangu ni ndogo," husema, kama vile sukari ni mtoto atakayebaki mdogo.

Nilianza kumpeleleza. Siku moja nikifua nikakuta soksi ya kulia ina doa la kahawia kwenye kidole gumba.

"Hii nini?"

"Rangi ya viatu."

"Viatu vyako ni vyeusi."

"Ofisini kuna ya kahawia."

"Na ofisini unavaa miguu ya nani?"

"Mama watoto, wewe ni mshonaji au ni polisi?" akasema, akatoka kwenda kupangusa gari ambalo lilikuwa safi.

Haikupita wiki akanitangazia kwamba anataka kushonesha viatu vya kutumbukiza, vya lastiki pembeni. Yeye! Mtu aliyekuwa akisema mwanamume asiyefunga kamba ni kama aliyetoka kuoga. Sasa eti kamba zimepitwa na wakati. Nikamwambia nakwenda naye. Akauliza nakwenda kufanya nini. Nikamwambia nakwenda kuchagua, kwa sababu dereva anaona mbele tu.

Fundi viatu ana chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Unaingia, harufu ya gundi inakupokea mlangoni. Ukuta mmoja umejaa kalibu, ile miguu ya mbao anayoshonea viatu juu yake, imening'inizwa kwa kamba, na ukuta wa pili una vipande vya ngozi vilivyopangwa kwa rangi. Fundi mwenyewe ni mfupi, miwani imefungwa uzi, na huongea na misumari midogo mdomoni bila kuimeza. Mtaa mzima unamjua kwa mizaha.

"Lastiki mnaitaka ya kuonekana au ya kujificha?" akaanza. "Ya kuonekana inakaa hapa ubavuni, kipande kizima. Ya kujificha naikata pembe tatu ndogo chini ya ulimi, mtu hajui imeingiaje."

"Ya kujificha," akasema mume wangu haraka.

"Pua iwe ya mviringo, ya mraba, au iliyochongoka?"

"Iliyochongoka."

"Una vidole vipana, mkubwa wangu. Mviringo ingekukaa."

"Iliyochongoka. Ndivyo navaa siku zote."

Nikasema mviringo. Hakunisikiliza hata mmoja. Wakapita kwenye ngozi, wakakubaliana ya kawaida isiyong'aa sana, atang'arisha mwenyewe. Wakapita kwenye kisigino, wakapita kwenye kile kitanzi cha nyuma cha kuvutia kiatu. Hapo nilikuwa nimeanza kufurahia, maana Fundi alikuwa akiuliza kama anayepakua chakula. Kisha mume wangu akasema, "Lastiki ibane. Ibane sana."

Fundi akatema misumari kiganjani. "Lastiki kazi yake iachie mguu uingie, halafu iukumbatie kidogo. Ukibana sana damu haipiti."

"Hata kwenye sketi ni hivyo hivyo," nikadakia. "Ikibana inaacha alama."

"Ibane," akasema. "Sitaki kitoke."

"Kitoke kiende wapi?" Fundi akacheka.

Mume wangu hakucheka, na mimi sikucheka. Niliiona ile ndala katikati ya njia. Nikaelewa kwa nini kamba zimepitwa na wakati. Anataka kiatu kinachojishika chenyewe, kwa sababu yeye hajui tena kama anacho au hana.

"Haya, soli," Fundi akaendelea. "Nina hii ya mpira, nene, inatembea kimya. Nina hii ya ngozi ya kati. Na hii nyembamba, ila ya maringo hiyo, ukikanyaga sarafu unaweza kusoma maandishi."

"Hiyo."

"Nyembamba?"

"Kama una nyembamba zaidi, nipe. Nataka nisikie pedali."

Fundi alikuwa ameshika penseli, akaandika, hana hili wala lile. Mimi nilikuwa nimeshika kipande cha ngozi na nikakirudisha mahali pasipo pake. Mtu aliyeendesha gari maisha yake yote, anayejua breki kama anavyojua sauti yangu, anaomba soli ya karatasi asikie pedali.

Alipoambiwa avue soksi apimwe, akasema apimwe hivyo hivyo, ana baridi. Mle ndani tulikuwa tunajipepea kwa makaratasi.

Wakati wa kurudi alinipakia kwenye gari la bosi, maana lilikuwa linakwenda gereji upande wetu. Tukakaribia kivuko cha watoto wa shule. Mimi nilikuwa nawaona kabisa, wamebeba mabegi, wanavuka kwa makundi. Gari halikupunguza. Nikageuka kumtazama, nikamkuta ameinamisha kichwa anatazama miguu yake. Dereva, katikati ya barabara, anaangalia miguu! Nilipiga kelele. Akanyanyua goti zima, akaukita mguu kwenye breki kama anayeua nyoka, gari likasimama juu ya mistari ya kivuko. Msichana mmoja alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti. Alikiondoa polepole, akatutazama, akaenda zake.

Tukafika nyumbani. Alipozima gari nikamwambia, "Baba, twende hospitali."

"Kuna kitu kilianguka chini. Nilikuwa nakitazama."

"Twende ukapime miguu."

Akashika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Wakianza na kidole hawaishii kwenye kidole," akasema. "Ulimwona mama. Nikiingia kule natoka bila kazi na bila mguu. Usinipeleke kule. Tafadhali." Hajawahi kuniambia tafadhali kwa sauti ile. Nilikuwa na maneno mengi, na nilijua kumkemea, mimi mdomo sina upungufu. Lakini nilikuwa naogopa kama yeye. Nilihisi nikitamka neno mguu mara nyingine, utakatika kwa mdomo wangu. Tangu siku hiyo kila akitoka na gari, cherehani yangu haikushona. Nilikaa nikisikiliza simu. Ikilia, kabla sijaipokea nilikuwa nimeshamzika mtu, ama yeye ama mtoto wa watu.

Siku ya kujaribisha kiatu ikafika. Tulikwenda mchana, yeye akiwa na gari, na haraka. Bosi alikuwa na wageni, na yeye alitumwa akawachukue wajukuu wa bosi shuleni. Aliniambia hilo njiani, na mimi nilikaa kiti cha mbele mikono magotini nikihesabu magari yaliyo mbele yetu kana kwamba kuhesabu kutasaidia kitu.

Sasa Fundi ana desturi yake. Wateja wa viatu, husema, ni waongo kuliko wavuvi na wachumba. Mwenye mguu mkubwa anataka kiatu kidogo, na ukimwuliza kama kinabana anajikaza kisabuni, anasema hapana, halafu baada ya siku mbili anakuletea malengelenge na matusi. Kwa hiyo anapojaribisha kiatu mara ya kwanza, hutia punje ya hindi kavu ndani yake, pale mbele chini ya vidole. Mteja akipiga hatua ya kwanza anaruka. Wote wanacheka, kisha Fundi anamwambia, "Umeona? Mdomo unao. Kikikubana useme vivyo hivyo." Mtaani tunaulizana, wewe umeshakanyaga hindi la Fundi? Mume wangu alikuwa hajui. Viatu vyake vyote vya zamani vilikuwa vya dukani.

Fundi akanionyesha punje kiganjani, akanikonyeza. Nikamwona akiitia kwenye kiatu cha kulia. Ningeweza kusema neno, sikusema. Nilijikuta naomba kwa nguvu zote. Aruke. Mungu wangu, aruke, atukane, amtupie Fundi kiatu usoni.

Viatu vilikuwa vizuri, sitasema uongo. Pua imechongoka, lastiki haionekani, ngozi imetulia. Soli ilikuwa bado ya kushikiza tu, nyembamba kama alivyotaka. Aliketi kwenye benchi, akaweka funguo za gari kando yake, akavuta kitanzi cha nyuma, mguu ukaingia. Akavaa na cha kushoto. Akasimama.

"Tembea mpaka mlangoni, mkubwa wangu," Fundi akasema, na kicheko kikiwa tayari shavuni.

Akatembea. Mgongo umenyooka, hatua za ofisini. Akafika mlangoni, akageuka kwa kisigino, akarudi. Akasimama mbele yetu, akakita mguu wa kulia chini mara mbili kama askari.

"Fundi, umenimaliza," akasema. "Kama sijavaa kitu! Hakinibani popote."

Kicheko kikamfia Fundi shavuni. Akanitazama mimi. Kisha akapiga magoti, akamvua kiatu kile taratibu, akakigeuza. Punje ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, ikaruka, ikabingirika mpaka kwenye mguu wa benchi.

Mume wangu akaitazama. "Hindi la nani hilo?" akasema. Alijitahidi iwe mzaha.

"Langu," akasema Fundi. "Samahani, mzee wangu. Ni utani ninaowafanyia wateja wote."

"Lilikuwa humu?"

"Lilikuwa humu."

Nje watu walikuwa wakipita, mtu anajadiliana na muuza vioo. Mume wangu akanyoosha mkono pale benchi alipokuwa ameweka funguo. Hazikuwepo. Zilikuwa kifuani kwangu, na sikumbuki nilizichukua saa ngapi.

"Lete funguo. Watoto wanatoka shule."

"Sileti."

"Mama watoto."

"Nitwange makofi hapa mbele ya Fundi, sileti." Na hajawahi kuninyanyulia hata kidole, maskini. Ni woga ulikuwa unaongea.

Alibaki mkono umenyooka. Kisha akaukunja, akaketi, akamwambia Fundi kwa sauti ya chini, "Irudishe."

"Nirudishe nini?"

"Punje. Irudishe mle mle."

Fundi akaiokota, akaitia mbele ya macho yake, akamvisha. Mume wangu akasimama tena. Safari hii alifumba macho. Nilimwona akiitafuta. Alikanyaga polepole, akahamishia uzito mbele, akasimama kwa mguu ule mmoja amejishikilia kwenye kalibu za ukutani, kope zinatetemeka, uso wote umekunjamana kama mtu anayesikiliza sauti iliyo nyuma ya ukuta. Alifika mlangoni, akarudi. Nilikuwa nimeuma mtandio wangu.

"Haipo," akasema, macho bado amefumba.

"Ipo, mzee wangu," Fundi akasema.

Akafumbua macho, akaketi. Fundi akamwomba avue na soksi, na sasa hakusingizia baridi. Soksi haikutaka kuachia kwenye kidole gumba, ilikuwa imegandia. Fundi alilowesha kitambaa kwa maji ya chai yaliyokuwa hayajatiwa majani, akaibandua kidogo kidogo. Chini ya kidole palikuwa na kidonda, kimefunguka kama tundu la kifungo, kingo zake nyeupe. Nilishika mdomo. Niliwahi kuuosha mguu wenye kidonda cha namna hiyo, kwenye beseni langu mwenyewe.

"Umeumia lini?" nikamwuliza.

Alinitazama. Mume wangu anajua kila jambo linalomhusu, hata siku aliyobadilisha oili mwaka juzi anaijua. "Sijui," akasema. Na nilipoona jinsi alivyoogopa neno lake mwenyewe, nilikwenda nikaketi karibu naye benchini, nikaweka mkono wangu juu ya goti lake, pale ambapo nilijua bado anasikia.

Akatoa simu. "Bosi, shikamoo. Leo watoto wafuatwe na dereva mwingine, mimi sitaweza." Akasikiliza. "Hapana, gari halina tatizo." Akasikiliza tena. "Gari ni zima kabisa, bosi. Ni mimi. Utume mtu achukue funguo kwa fundi viatu, nyuma ya duka la vioo. Mimi nakwenda hospitali." Aliitamka hospitali kama anayetema kitu kichungu. Kisha akakata, akairudisha simu mfukoni.

Nikaweka funguo mezani kwa Fundi. Nikamfunga kidole kwa kipande cha kitambaa safi nilichokuwa nacho mkobani, cha bitana. Fundi alikuwa amevishika vile viatu, hajui aviweke wapi. Nadhani alitaka kusema jambo la kutufariji, na kwa kuwa yeye ni fundi, alisema la ufundi.

"Hii soli bado sijaishona," akasema. "Naweza kuibadilisha."

Mume wangu alikuwa ameshasimama, ameniegemea begani, ndala aliyoazimwa na Fundi mguuni. Aliitazama ile soli nyembamba kwa muda.

"Weka nene," akasema. "Na lastiki ilegeze. Pua fanya ya mviringo, kama alivyosema huyu."

"Nitaanza upya kabisa. Usiwe na wasiwasi."

Tukafika mlangoni. Aliangalia chini kwanza, akahakikisha ndala ipo, ndipo akavuka kizingiti. Halafu akasimama, akageuka nusu, na nilihisi vidole vyake vikinibana bega mpaka mfupani.

"Fundi," akasema. "Hata ukisikia lolote. Tengeneza vyote viwili."